Kilichobaki Baada ya Kugeuka

Tafakari ya juma. Somo: Matendo ya Mitume 15:1–41



Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lile lililosimikwa baharini juu ya miguu ya chuma upande wa kaskazini wa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, mzigo ulikuwa wa Wamarekani, na mahali palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe unaipa msukumo roketi inayoelekea mashariki. Mzigo ulikuwa satelaiti ya kilo 140 hivi, ikapewa jina la siku yenyewe: Uhuru. Ilitumwa kutafuta miale ya eksirei inayotoka mbali huko angani, ambayo hewa yetu huizuia isitufikie, na kabla yake hapakuwa na satelaiti iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Kutokana na habari zake wataalamu waliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, kimojawapo kikiwa Cygnus X-1, ambacho leo kinahesabiwa kuwa na shimo jeusi.

Ningeweza kukaa hapo kwenye mashimo meusi, maana vijana wetu wa kipaimara wanayapenda. Lakini kinachonigusa juma hili ni jambo la kawaida zaidi. Satelaiti ile ilikuwa ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, huku vihesabio vyake vikichungulia nje kutoka ubavuni. Kihesabio kikishtuka na kusema pana kitu hapa, swali la kwanza lilikuwa: hapa ni wapi? Chombo kikiwa huko hakina chini wala juu. Kulia kwake ni ubavu wake tu. Usipojua kimeelekea wapi kwa saa ile, hata kipimo kizuri kabisa kitaandika chanzo cha miale mahali ambapo hakipo. Ndiyo maana Uhuru ilibeba pia vihisi vya kuona nyota na jua, vitu ambavyo mahali pake panajulikana, ili kwa kuvitazama ijulikane chombo chenyewe kimekaaje.

Miaka mitano kabla ya hapo, Julai 1965, jarida la hisabati liitwalo SIAM Review lilichapisha swali fupi la Grace Wahba, mwanatakwimu wa Marekani ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi IBM. Nilifundisha hisabati sekondari kabla ya kwenda chuo cha theolojia, na ni maswali machache ya ubaoni yaliyonifuata hadi madhabahuni. Hili ni mojawapo.

Swali lenyewe ni hili. Unacho kitabu cha nyota kinachosema kila nyota iko upande gani wa mbingu. Unayo pia maelezo ya chombo: nyota ya kwanza naiona huku, ya pili kule. Maelezo hayo mawili hayalingani, kwa sababu kitabu kina mihimili yake mitatu ya kupimia na chombo kina yake. Tafuta namna moja ya kuizungusha ile mbingu ya kitabuni, ikiwa nzima kama ilivyo, ili nyota zake ziangukie karibu iwezekanavyo na zile zinazoonwa na chombo. Karibu kwa kipimo gani? Kwa kila nyota chukua umbali uliobaki kati ya inakosemekana iko na inakoonekana, uuzidishe kwa wenyewe, uupe uzani kulingana na uzuri wa kihisi kilichoiona, kisha jumlisha. Kati ya mizunguko yote inayowezekana, ule unaoifanya jumla hiyo kuwa ndogo kupita yote ndio jibu.

Tuchore kwanza kwenye karatasi, tusiende angani bado. Kitabu kinasema nyota A iko kwenye nyuzi 0 na nyota B kwenye nyuzi 90. Chombo kinasema A iko kwenye 32 na B kwenye 118. Ukimwamini shahidi A peke yake utazungusha kwa nyuzi 32. Ukimwamini B, 28. Mashahidi wakiwa na uzani sawa, jibu bora ni 30. Shahidi A akiwa na uzani mara tatu ya mwenzake, jibu linasogea hadi karibu na 31. Mpaka hapo hakuna kigumu. Sasa tazama kilichobaki. Kitabuni pembe kati ya A na B ni nyuzi 90. Machoni pa chombo ni 86. Zungusha upendavyo, kutwa nzima, zile nyuzi 4 haziondoki, kwa kuwa kuzungusha hakugusi pembe iliyo kati ya nyota na nyota. Jibu bora linazigawa tu, mbili kwa A na mbili kwa B. Hizo nne ndizo kosa la kweli, na kuna kihisi mahali fulani kinachopaswa kuulizwa. Zile 30 hazikuwa kosa la mtu yeyote. Ilikuwa ni namna ya kukaa.

Nimeketi katika vikao vingi vya usharika, wapendwa, na naweza kusema kwamba sehemu kubwa ya muda wetu huishia kwenye zile 30.

Wenye mashamba watanielewa upesi. Ramani nyingi za upimaji za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa kupimia unaoitwa Arc 1960. Simu iliyo mfukoni mwako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Chukua koodineti za jiwe la mpaka kutoka kwenye ramani ya zamani, uziingize kwenye simu bila kuzibadilisha, nayo itakupeleka takriban mita 300 mbali na jiwe, kaskazini au kusini mwake. Jiwe halijasogea. Jirani hajang'oa kitu usiku. Hapo tofauti kubwa ni ya kusogeza, si ya kuzungusha, na mwalimu wa hisabati aliye ndani yangu hataniacha nisiseme hivyo. Lakini msiba ni uleule. Ndugu wawili wanaweza kufikishana mahakamani huku kila mmoja ameshika namba sahihi. Mpima ardhi mwenye subira ataanza kwa kuleta namba zote kwenye mfumo mmoja, ndipo atazame kama kuna futi kadhaa ambazo bado zinagombewa. Mara nyingine zipo. Mara nyingine mtu ameng'oa jiwe kweli.

Sasa fungua Matendo 15. Watu walishuka kutoka Uyahudi wakawafundisha ndugu wa Antiokia kwamba pasipo tohara ya Musa hakuna wokovu. Luka hafichi ukali wa mabishano yaliyofuata. Antiokia walikuwa wanatazama kutoka kwenye mji wa mataifa, ambako Roho amewashukia watu ambao hawajawahi kuishika torati. Yerusalemu walikuwa wanatazama kutoka hekaluni, pamoja na ahadi za vizazi vingi. Kila upande ulikuwa na mihimili yake, na kwa mihimili hiyo kila upande uliona mwenzake amekaa upogo. Kanisa likafanya jambo ambalo sisi hulifanya kwa shida: likakusanya mashahidi kabla ya kutoa hukumu.

Shahidi mmoja hatoshi, na hili hesabu ya anga inalisema kwa ukali zaidi kuliko desturi. Ukiwa angani na nyota moja tu, hata ukiiona kwa usahihi mkamilifu, bado hujui umekaaje. Unaweza kujipindua kuuzunguka mwelekeo wa nyota hiyo, kichwa kikiwa popote, na nyota isibadilike hata kidogo. Mizunguko isiyo na idadi inaafikiana nayo. Zinahitajika nyota mbili zisizo kwenye mstari mmoja, ndipo chombo kinashikika. Torati nayo, katika Kumbukumbu 19:15, ilikataa neno lisimame kwa shahidi mmoja. Namjua Mkristo mwenye mstari mmoja wa Biblia, ambaye kwa mstari huo anaweza kuelekea popote na bado mstari ukabaki mbele yake. Ninyi pia mnamjua.

Katika baraza la Yerusalemu alisimama Petro akasimulia yaliyotokea kwa watu wa mataifa. Wakasimama Barnaba na Paulo wakaeleza ishara walizoziona safarini. Kisha Yakobo akaleta maneno ya manabii, ushahidi wa tatu, usiotoka kwenye safari ya mtu yeyote aliyekuwa chumbani. Tazama pia uzani. Katika swali la Wahba uzani wa kila nyota hutolewa kabla jibu halijajulikana, kwa kuangalia ubora wa kihisi, na hautazami kama ushuhuda unapendeza. Sisi tunafanya kinyume. Mzee akisema upande wetu, ni mzee mwenye hekima ya miaka mingi. Akisema upande wa pili, amezeeka, anasahausahau. Ukipanga uzani baada ya kusikia jibu, hukutafuta mwelekeo wako. Umelipatia jibu lako mashahidi.

Naomba mnivumilie niingie kidogo kwenye jedwali lenyewe, kwa sababu humo ndimo nilimopata jambo la juma hili.

Mzunguko wa mihimili mitatu huandikwa kama matriksi, yaani jedwali la namba lenye safu tatu na mistari mitatu, namba 9 kwa jumla. Mtu angedhani ana uhuru wa kupanga namba 9 apendavyo. Hapana. Kila mhimili lazima ubaki na urefu wake, hayo ni masharti matatu. Na kila mihimili miwili lazima ibaki mraba kati yake, masharti mengine matatu. Katika zile 9 sita zimekwisha kufungwa. Umebakiwa na 3. Hesabu yote ya Wahba ni kutafuta kilicho bora ndani ya kifungo hicho, na ugumu wake wote unatoka kwenye kifungo hicho. Kama si masharti, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeimaliza kwa dakika chache.

Na kwa nini tusiyaondoe? Kwa sababu ukiondoa sharti la urefu, hesabu inakupa ushauri wa ajabu. Chukua mfano wetu wa karatasi. Uruhusiwe kuzungusha na pia kunyoosha au kufupisha. Jibu litakuambia: zungusha nyuzi 30, halafu punguza ukubwa wa kitabu kidogo, kama sehemu sita kati ya elfu kumi. Kosa litapungua kweli. Ushahidi ukiwa mbaya zaidi, ushauri unakuwa mkubwa zaidi: punguza zaidi. Hesabu imegundua kwamba njia rahisi ya kupunguza tofauti na mtu ni kumfanya awe mdogo. Nilipoliona hili mara ya kwanza niliweka chaki chini. Ni ndoa ngapi zimepata amani ya namna hiyo? Mke alikuwa na maoni, akapunguzwa kidogo, mgogoro ukapungua kidogo; akapunguzwa tena. Mwishowe mume anamwambia mchungaji kwamba nyumbani hakuna tatizo, naye hasemi uongo. Kosa limekaribia sifuri kwa sababu mtu amekaribia sifuri.

Sharti la urefu likishikwa, jambo jingine linatokea ambalo kwangu ni uzuri wa swali zima. Kwa kuwa mishale ya kuelekea nyota hairefuki wala haifupiki, kupunguza jumla ya makosa na kuongeza jumla ya makubaliano huwa kazi moja, si mbili. Wataalamu huacha kabisa kuhesabu makosa. Hupanga jedwali moja kutokana na ushahidi wote, hulizidisha kwa mzunguko wanaoutafuta, kisha hujumlisha namba zilizo kwenye mshazari wa jedwali linalotokea. Mzunguko unaoipandisha jumla hiyo hadi kileleni ndio uleule ulioishusha jumla ya makosa hadi chini. Mahali ambapo hakuna aliyepunguzwa, kutafuta tulikokosana na kutafuta tulikopatana hukufikisha mahali pamoja. Mahali ambapo mtu amepunguzwa, njia hizo mbili zinaachana.

Hesabu haijali pia nani anageuka. Ukikizungusha kitabu kuelekea chombo au ukizungusha maelezo ya chombo kuelekea kitabu, kwa kiasi kilekile upande wa pili, kinachobaki ni kilekile. Ndani ya nyumba zetu swali la nani ageuke kwanza linaweza kukaa miaka kumi mezani, pamoja na chumvi. Barua iliyotoka kwenye baraza la Yerusalemu haikuliweka mezani kabisa. Watu wa torati waliacha tohara isiwe mzigo kwa mataifa. Watu wa mataifa waliombwa wajiepushe na mambo manne: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa, na uasherati. Kila upande ulizunguka, na hakuna upande uliopewa jina la mshindi.

Hapa najua kuna atakayeuliza: mchungaji, unasema basi kweli ni kule ulikosimama? Sisemi hivyo, na nisingependa mtu aondoke na hilo. Vyombo vya leo vya kutambua nyota vikipotea kabisa, visijue hata nyota inayoonekana ni ipi, hupima pembe kati ya nyota na nyota, kisha hutafuta pembe hizo kwenye orodha. Vinafanya hivyo kwa kuwa pembe hizo ndizo hazitegemei umekaaje. Ulale chali au kifudifudi, ni zilezile. Mtu anaweza kuabudu kwa kelele za ngoma na mwingine kwa ukimya na kitabu cha liturgia, nami sitapima ukweli wao kwa hilo. Ila nitapima pembe kati ya upendo wake kwa Mungu na upendo wake kwa jirani anayemwona. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, unaifunga pembe hiyo kwa nguvu, na hakuna namna ya kukaa kanisani inayoweza kuibadilisha. Ikiwa imepanuka, imepanuka.

Kuna sharti moja ambalo nimelichelewesha kwa makusudi. Nyosha mkono wa kulia: kidole gumba kielekee juu, cha shahada mbele, cha kati kushoto. Umepata mihimili mitatu iliyo mraba. Fanya vivyo hivyo kwa mkono wa kushoto, gumba juu na shahada mbele, na kidole cha kati kinaelekea kulia. Urefu ni uleule, pembe ni zilezile, lakini zungusha mkono wa kushoto utakavyo, hautalala sawasawa juu ya wa kulia. Mmoja ni taswira ya mwingine katika kioo. Katika jedwali la namba 9, kuna hesabu moja, ditaminanti, inayotoa 1 kwa mzunguko wa kweli na hasi 1 kwa kioo, na hakuna namba kati yake. Huwezi kufika kwenye kioo kwa kugeuka polepole.

Hatari yake ni hii: kama una nyota mbili tu, kioo kinapata alama sawasawa na mzunguko wa kweli. Sawasawa kabisa. Nyota mbili ziko kwenye bapa moja, na ukipindua kila kitu kupitia bapa hilo zenyewe hazitikisiki, wakati mbingu yote iliyobaki imegeuzwa kulia kuwa kushoto. Hata nyota zikiwa nyingi, vihisi vikiwa vibaya sana, kioo kinaweza kupata alama nzuri kuliko mzunguko. Kwa hiyo sharti la ditaminanti huwekwa mwanzoni, haliachiwi ushahidi uamue. Wakemia wanaolinganisha maumbo ya protini kwa njia iliyoandikwa na Wolfgang Kabsch mwaka 1976 wanalazimika kuchunga jambo hilohilo, maana protini iliyopinduliwa kiooni si protini ileile tena.

Nasoma Mathayo 4 kwa macho hayo. Mshawishi alipompeleka Bwana juu ya kinara cha hekalu, alileta maandiko ya kweli, kutoka Zaburi ya 91. Urefu wa maneno haukubadilika. Pembe kati ya maneno haikubadilika. Ungeyapima kwa andiko moja au mawili ungempa alama zote. Yesu hakujibu kwamba andiko hilo halipo. Alileta andiko la tatu, nje ya lile bapa. Mahubiri ya mafanikio tunayoyasikia kwenye vipaza sauti vya jirani zetu (na, tusijidanganye, mara nyingine kwenye vyetu) mara nyingi ni ya namna hiyo. Baraka zipo, ahadi zipo, sadaka ipo, imani ipo, kila kimoja kwa urefu wake. Lakini aliyetoa amekuwa anayedaiwa, na maskini aliyetangaziwa habari njema amekuwa ndiye mlipaji. Mtu wa namna hii haongozwi kurudi kwa kusahihishwa nyuzi mbili leo na tatu kesho, kwa sababu hana nyuzi zilizopotoka. Anahitaji andiko kutoka nje ya bapa alilozoea.

Neno moja juu ya kutafuta kilele, kisha nirudi kwa Luka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Paul Davenport alionyesha kwamba swali la Wahba linaweza kuandikwa kwa namba nne zinazoeleza mzunguko, zile ambazo William Rowan Hamilton alizipata akitembea kando ya mfereji wa Dublin tarehe 16 Oktoba 1843. Ukiliandika hivyo, mlima wa makubaliano unaonekana sura yake yote, nao una tabia njema: hauna vilele vya uongo. Hakuna kilima kidogo kitakachokunasa ukadhani umefika juu. Ila una mahali pa tambarare, ambapo mteremko umekwisha kila upande na mpandaji hasikii tena kuvutwa, na si kileleni. Ukisukumwa kidogo tu unagundua njia ya kupanda bado ipo. Sharika nyingi zimepiga kambi kwenye tambarare hiyo. Hakuna ugomvi, hakuna joto, mahesabu yanasomwa na kupitishwa. Ukiuliza mnaendeleaje wanasema tunamshukuru Mungu, hatuna tatizo.

Sasa Luka. Tukisoma sura hii kanisani kwa kawaida tunaishia kwenye ile barua, mstari wa 29 au hapo karibu, na watu wanarudi nyumbani na furaha ya mapatano. Sura inaendelea. Siku kadhaa baadaye Paulo anamwambia Barnaba warudi wakawatazame ndugu katika kila mji. Barnaba anataka kumchukua Yohana Marko. Paulo hataki, kwa kuwa Marko aliwaacha kule Pamfilia. Wakashindana hadi wakaachana. Watu hawa wawili wametoka kushinda pamoja hoja kubwa kuliko zote za kanisa la kwanza, wameweka mihimili yao sawa mbele ya mitume na wazee, wamerudi njia moja na barua moja. Na bado kuna kilichobaki.

Mahubiri mengi hulipita jambo hili haraka kwa aibu, au hulifunika kwa kusema Mungu alitumia mgawanyiko kupata timu mbili badala ya moja. Labda. Mimi nashukuru kwamba Luka ameliandika kwa udogo wake. Hakusema walitofautiana kuhusu injili, kwa kuwa hawakutofautiana. Hakusema Barnaba amerudi nyuma au Paulo amejaa kiburi. Ametaja mtu mmoja, safari moja na tukio moja la Pamfilia. Nyuzi nne. Walipokuwa wamekwisha kugeuka kadiri ya kugeuka, kilichobaki kiliweza kutajwa kwa jina, na kitu chenye jina kina mwisho wake. Barnaba alimchukua Marko, aliyekuwa ndugu wa ukoo wake, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Paulo akamchukua Sila, wakapita Shamu na Kilikia. Nani alikuwa na haki? Maandiko hayasemi. Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, Paulo akiwa kifungoni anaagiza aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa huduma, wala haelezi ni nini kilichopita kati yao.

Niliwahi kuitwa kusuluhisha kwaya iliyogawanyika kwa sababu, nilivyoambiwa, ya mafundisho. Upande mmoja ulikuwa wa kiroho na mwingine wa kidunia. Pande zote mbili zilinieleza hivyo, kila mmoja kwa mihimili yake. Tukaketi, tukasoma, tukageuka, ikachukua jioni nyingi. Mwishowe kilichobaki mezani kilikuwa kinanda: nani alikichangia, na nani anakaa na ufunguo wa kabati. Hatukulimaliza jambo hilo jioni ile. Lakini kwa mara ya kwanza kila mtu chumbani alijua tunabishania nini, na mwalimu wa kwaya akacheka kwa sauti.

Jumuiya za juma hili zisome sura yote hadi mstari wa 41, kisha 2 Timotheo 4:9–12. Baada ya hapo kila jumuiya ichague tofauti moja iliyo nayo na iiandike kwenye karatasi kwa jina lake halisi: kiasi cha fedha, tarehe, ufunguo, jina la kazi. Pasiandikwe neno la kiroho wala la kidunia. Wazee wazilete karatasi kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, na kikao hicho kitaanza saa kumi kamili.